Ramani ikikosea, nani anajibu?

Mto Rhine hupita katikati ya miji miwili yenye jina moja: Laufenburg ya Ujerumani na Laufenburg ya Uswisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 miji hiyo ilikuwa ikijengewa daraja jipya, kila upande ukianzia kwake ili wakutane katikati. Wahandisi walijua fika kwamba Ujerumani hupima vimo vya ardhi yake kuanzia usawa wa Bahari ya Kaskazini, na Uswisi kuanzia usawa wa Mediterania. Walijua hata tofauti yenyewe, sentimita 27, wakaiingiza kwenye hesabu. Ila waliiingiza kinyume: alama ya kujumlisha na ya kutoa zilibadilishana nafasi. Mwaka 2003, kabla daraja halijakamilika, ikabainika kuwa pande mbili zinapishana kwa sentimita 54, na upande wa Ujerumani ukabidi ushushwe.

Kisa hiki kina uzito kwangu kwa sababu hakina mjinga ndani yake. Kila aliyehusika aliijua kazi yake, na tofauti ya vipimo haikuwa siri kwa yeyote. Kilichopenya ni alama moja ndogo ambayo kila mtu angeweza kudhani mwenzake ameikagua. Hapo ndipo ninapoiona kazi nzima ya watu wanaoishi kwa ramani na data za kijiografia. Wengi huidhani ni kazi ya kuchora, na siku hizi wengi zaidi huidhani ni kazi ya kompyuta. Mimi naiona ni kazi ya dhamana. Mtu huajiriwa ili ajue kosa liko wapi, ni kubwa kiasi gani, na awe tayari kulijibia. Vyuo vinavyomfundisha na ofisi zinazomwajiri zimeisahau sehemu hiyo, na kusahau huko kunawagharimu wote wanaozitegemea ramani, yaani sisi sote.

Ni akina nani hawa? Kuna mpima ardhi anayetafuta bikoni ya zamani, ile alama ya mpaka, iliyofunikwa na nyasi. Kuna mtaalamu wa jiodesia anayehesabu umbo halisi la dunia, ambalo si tufe safi bali lina mabonde na vilima vya nguvu ya mvutano. Kuna mpima bahari anayekesha mbele ya skrini ya sonari, chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti, na msomaji wa picha za setilaiti anayetenganisha shamba na msitu kwa miale ambayo jicho haliioni. Kuna msanifu wa ramani anayeamua mji upi uandikwe jina na upi uachwe kwa kukosa nafasi. Kuna mwandishi wa programu anayeifundisha hifadhidata kujua kama nukta iko ndani ya mpaka au nje. Wengi wao hawana neno "ramani" kwenye cheo chao kabisa. Wako kwenye wizara za afya, kampuni za bima, kampuni za simu, tume za uchaguzi, mamlaka za anga. Ukimuuliza mmoja wao anafanya kazi gani, mara nyingi atakujibu kwa mkato, "mambo ya data," kwa sababu maelezo kamili huchukua muda na msikilizaji huchoka.

Karibu hakuna aliyeanza utotoni akitaka kuwa hivyo. Hii ni taaluma ya kuingilia mlango wa pembeni: mmoja ametoka kwenye hisabati, mwingine kwenye misitu, mwingine jeshini, mwingine kwenye uandishi wa programu. Sioni ubaya wowote kwa hilo. Nitaonyesha hapa chini kwamba milango ya pembeni ndiyo iliyoipa fani hii watu wake bora. Ubaya umeanza pale tulipojaribu kuufungua mlango wa mbele, tukaufungulia mahali pasipofaa.

Mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao karibu kila mtu huuita GIS, ulizaliwa na swali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, mwanajiografia aliyekuwa katika kampuni ya upimaji wa angani huko Kanada, alikabiliwa na ombi lililohusu Kenya: wapi panafaa kupandwa msitu? Kulijibu kulihitaji kulaza ramani nyingi moja juu ya nyingine, za mambo kama mteremko, udongo na njia za kufikia, kisha kutafuta mahali ambapo zote zinakubaliana. Kwa mikono ya watu gharama ilikuwa kubwa mno na kazi ikakwama. Tomlinson akabaki na wazo kwamba kompyuta ingeweza kuzilaza ramani hizo. Serikali ya Kanada, iliyotaka kuijua ardhi yake inafaa kwa nini na nini, ndiyo iliyompa nafasi ya kulijaribu wazo lake kwa nchi nzima. Hata Esri, kampuni ambayo leo jina lake ni karibu sawa na programu za ramani, ilianzishwa mwaka 1969 na Jack na Laura Dangermond ikiwa ni ofisi ya ushauri wa matumizi ya ardhi. Programu iliyoipa umaarufu ilitoka mwaka 1982.

Naitaja historia hii kwa sababu tumeipindua. Kijana anayetaka kuingia kwenye fani hii leo hukutana kwanza na orodha ya programu. Tangazo la kazi linamtaka ajue hii na ile, cheti kinathibitisha kwamba amezijua, na mwisho wa mafunzo anaweza kuandaa ramani nzuri yenye mshale wa kaskazini na ufunguo wa rangi. Swali lililomleta Tomlinson kwenye kompyuta halimo. Udongo haumo. Umbo la dunia limepitiwa kwa wiki moja, nalo likaonekana ni mzigo wa hesabu unaozuia watu kufika kwenye somo lenyewe.

Matokeo yake yanaonekana kwenye jambo moja dogo ambalo sitaacha kulipigia kelele. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alitengeneza ramani ya dunia kwa ajili ya mabaharia, ambamo njia inayofuata pembe moja ya dira huwa mstari ulionyooka. Ili kulipata hilo ilimbidi anyooshe maeneo kadiri yanavyoisogelea ncha ya dunia. Ndiyo maana Greenland huonekana ikikaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14. Namna ya mchoro huo, ikiwa imerekebishwa kidogo, ndiyo iliyo chini ya ramani nyingi za mtandaoni tunazozifungua kila siku. Kwa kuonyesha njia ya kufika mahali, haina shida. Lakini mtu akipima juu yake ukubwa wa msitu ulio kwenye latitudo ya nyuzi 60, atapata eneo lililozidi ukweli mara nne. Programu haitalia. Haitawasha taa nyekundu. Itampa jibu lenye tarakimu sita baada ya nukta, na tarakimu hizo zitaingia kwenye ripoti, na ripoti itaingia kwenye bajeti. Aliyefundishwa vitufe hana namna ya kulishuku jibu hilo, kwa kuwa kila kitufe alichobonyeza kilikuwa sahihi.

Na kosa likishaingia kwenye data halikai peke yake. Mwaka 1876 meli ya kuvua nyangumi iliyoitwa Velocity iliripoti kisiwa katika Bahari ya Matumbawe, kati ya Australia na Kaledonia Mpya. Kikaandikwa kwenye chati, kikapewa jina la Kisiwa cha Sandy. Chati zilipogeuzwa kuwa data za kompyuta, kisiwa kikahama nazo. Kikafika kwenye hifadhidata za pwani zinazotumiwa na wanasayansi, kikafika kwenye ramani za simu. Mwaka 2012 wanasayansi wa Australia walikwenda na meli mpaka mahali penyewe, wakakuta bahari yenye kina cha zaidi ya mita 1,300. Kilidumu zaidi ya miaka 130. Baadhi ya chati za zamani zilikuwa zimekiwekea alama ya shaka, na baadhi ya wachapishaji walikiondoa mapema, lakini shaka hiyo haikusafiri na data. Mstari wa pwani ulinakiliwa, alama ya shaka ikaachwa nyuma. Kila nikikifikiria kisiwa hicho najiuliza ni watu wangapi waliolipitisha faili lile mikononi mwao, wenye ujuzi na nia njema, bila hata mmoja kuwa na wajibu rasmi wa kuuliza lilitoka wapi.

Kuna wakati wajibu huo ulikuwa na mwenyewe, ingawa mwenyewe hakuheshimiwa. Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu naamini namna tulivyowatendea watu hawa ndiyo iliyoifanya kazi yao ionekane nyepesi leo.

Nain Singh Rawat alikuwa mwalimu wa shule katika milima ya Himalaya. Waingereza waliokuwa wakiipima India hawakuruhusiwa kuingia Tibet, basi wakamfundisha yeye aende akiwa amejifanya mtu wa ibada. Alizoezwa kutembea kwa hatua zenye urefu usiobadilika, iwe mlima au bonde. Tasbihi yake, ambayo kwa kawaida ingekuwa na shanga 108, ilipunguzwa ikawa na 100. Kila hatua 100 alisogeza shanga moja. Maandishi aliyaficha ndani ya gurudumu la sala. Kimo cha mahali alikipata kwa kupima joto ambalo maji huchemkia. Akafika Lhasa mwaka 1866, na vipimo vyake vikaingia kwenye ramani za dunia. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1877, jambo lililokuwa adimu kwa mtu wa nafasi yake. Wengi waliotembea kama yeye hawakupata hata hilo.

Katika upimaji huohuo wa India alikuwepo Radhanath Sikdar, mwanahisabati kutoka Bengali, mkuu wa watu waliofanya hesabu. Ndiye anayetajwa zaidi kuhusiana na hesabu zilizoonyesha kwamba kilele kilichoandikwa tu kama namba 15 ndicho kirefu kuliko vyote duniani. Kimo kilichotangazwa mwaka 1856 kilikuwa futi 29,002, sawa na mita 8,840 hivi. Kimo kinachotambuliwa sasa, kilichotangazwa mwaka 2020, ni mita 8,848.86. Tofauti ni kama mita tisa tu, kwa vipimo vilivyochukuliwa kutoka zaidi ya kilomita 150, kwa darubini, huku hewa ikipinda mwanga njiani na mlima wenyewe ukivuta timazi la mpimaji, ule uzi wenye uzito unaoonyesha wima. Kuyaondoa makosa hayo moja baada ya jingine ndiko kulikokuwa kazi ya Sikdar na wenzake. Mlima ukapewa jina la George Everest, mkuu wa zamani wa upimaji huo, aliyekuwa ameshastaafu na kuondoka India, na ambaye mwenyewe hakulifurahia wazo hilo.

Kisha kuna Marie Tharp, ambaye kwangu ndiye anayeieleza taaluma hii kuliko mtu mwingine. Alisoma jiolojia katika miaka ya vita, vyuo vilipowafungulia wanawake milango kwa kuwa wanaume walikuwa vitani, akaongeza shahada ya hisabati. Akaingia katika kituo cha utafiti cha Lamont cha Chuo Kikuu cha Columbia. Meli za utafiti zilikuwa hazipakii wanawake, hivyo mwenzake Bruce Heezen alikwenda baharini kukusanya vipimo vya kina, naye akabaki mezani akivigeuza kuwa umbo la sakafu ya bahari. Mwaka 1952, akilinganisha mikato ya Atlantiki ya Kaskazini, yaani michoro inayoionyesha sakafu ya bahari kwa ubavu, aliona kwamba katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari kuna ufa, na ufa huo unajirudia mkato baada ya mkato, palepale. Ufa maana yake ni kwamba sakafu inaachana. Heezen aliyapuuza akayaita mazungumzo ya wasichana. Hakuyakubali mpaka vitovu vya matetemeko ya ardhi vilipopangwa kwenye ramani ya skeli ileile vikaangukia ndani ya ufa wa Tharp, na mstari huo ukaonekana kuwa ndugu wa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Wengi husimulia kisa cha Tharp kama kisa cha dhuluma, na ni kweli alidhulumiwa: makala makubwa ya mwanzo yaliyotangaza mambo hayo hayakuwa na jina lake. Lakini nakiangalia pia kama kisa cha ufundi. Yeye hakupima hata kina kimoja. Alichofanya ni kukaa na namba za watu wengine kwa muda mrefu kuliko walivyokaa nazo wenyewe, akajua zipi za kuaminika, akajua pengo lipi lijazwe kwa elimu ya jiolojia na lipi liachwe wazi, kisha akasimama na mchoro wake mbele ya mkubwa wake bila kurudi nyuma. Hakuna programu inayofundisha kitu hicho. Kilitokana na jiolojia kichwani, hisabati mkononi, na ule mlango wa pembeni.

Gladys West naye aliingia kwa hisabati. Alianza kazi mwaka 1956 katika kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Dahlgren, Virginia, akawa miongoni mwa waliotumia vipimo vya setilaiti kulihesabu umbo la dunia kwa usahihi ambao mfumo wa GPS usingewezekana bila huo. Alistaafu mwaka 1998. Heshima ya wazi ilimfikia mwaka 2018, miongo miwili baadaye, huku mabilioni ya watu wakiwa tayari wanatembea na matunda ya kazi yake mfukoni.

Sasa tazama jinsi mgawanyo uleule wa heshima ulivyohamia kwenye zama zetu. Januari 2010 tetemeko liliipiga Haiti, na waokoaji wakafika Port-au-Prince bila ramani ya kuaminika. Mamia ya watu wa kujitolea, wengi hawajawahi kuikanyaga nchi hiyo, wakaketi majumbani mwao wakafuatisha barabara na majengo kutoka kwenye picha za setilaiti, wakaziingiza katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast mwaka 2004. Kwa siku chache mji ukawa na ramani ambayo hakuna ofisi ingeweza kuitoa kwa mwaka. Siku ile ilithibitisha jambo kubwa, na naliheshimu kwa moyo wote. Lakini ilionyesha pia mpaka wake. Paa linaonekana kutoka angani. Jina la mtaa halionekani. Kama zahanati inafanya kazi au imefungwa, halionekani. Daraja linabeba lori au mtu wa miguu tu, halionekani. Mambo hayo hujazwa na mtu aliye pale, anayeuliza na kuandika, na mtu huyo ndiye wa mwisho kulipwa na wa kwanza kusahauliwa mradi unapofungwa.

Mashine imekuja kulizidisha hilo. Mwaka 2021 Google ilitoa data za majengo ya Afrika yaliyotambuliwa na akili mnemba kutoka kwenye picha za setilaiti: majengo milioni 516. Wapo wanaosema mchoraji ramani kwa hiyo amekwisha. Siungi mkono, na sababu yangu imo ndani ya data hizo zenyewe. Kila jengo limewekewa alama ya uhakika, namba inayosema mashine ina imani kiasi gani kwamba hicho ni kitu kilichojengwa na si jiwe au kivuli. Waliozitoa walifanya kazi yao kwa uungwana. Swali ni nani upande wa pili anayeisoma namba hiyo. Mtu anayepanga idadi ya chanjo za wilaya akichukua majengo yote bila kuangalia alama, atapeleka chanjo kwenye mawe. Akiweka kiwango cha juu kupita kiasi, atafuta vibanda vya maskini, maana vibanda vidogo vilivyobanana ndivyo mashine huvitilia shaka. Kuchagua kiwango hicho ni uamuzi kuhusu maisha ya watu, na leo hufanywa na mwajiriwa wa ngazi ya chini, jioni, peke yake, bila mtu wa kumuuliza wala mahali pa kuandika alichagua nini na kwa nini.

Hapo ndipo lawama yangu kwa waajiri ilipo, nami siipunguzi. Katika ofisi nyingi mtu wa ramani huitwa mwishoni. Uamuzi umeshafanyika, ripoti imeshaandikwa, anaombwa "ramani ya kupendezesha ukurasa." Ngazi yake ya kupanda ina vidaraja viwili au vitatu, kisha inaishia ukutani, akitaka mshahara mkubwa lazima aache ramani awe meneja, au ahamie kwenye uandishi wa programu wa kawaida. Hivyo mtu mwenye miaka kumi ya kujua data za nchi zinadanganya wapi huondoka na ujuzi huo kichwani, na nafasi yake huchukuliwa na aliyetoka chuoni na cheti cha programu. Tunashangaa kwa nini makosa yaleyale hurudi.

Dhamana ninayoizungumzia haiishii kwenye usahihi. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava, ambayo watu huitumia kurekodi mbio na mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia ya mazoezi ya wateja wake yakiwa yamejumlishwa pamoja, majina yameondolewa. Ilikuwa ramani ya kupendeza. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba katika majangwa yasiyo na wakimbiaji, vile vimstari vya mwanga vilikuwa vikichora kambi za kijeshi, na njia ambazo askari hufuata kila asubuhi. Majina yalikuwa yameondolewa kweli, lakini mahali penyewe palitosha kuwa jina. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na data za wagonjwa analijua hilo: nyumba moja ikiwa peke yake bondeni, kuficha jina la aliyemo hakumfichi. Uamuzi wa kuonyesha, kufifisha, kukusanya nukta ndani ya eneo kubwa zaidi au kutochapisha kabisa ni uamuzi wa kitaaluma, na unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana mbele ya wanaoisubiri ramani kwa hamu. Mamlaka hayo hayamo kwenye maelezo ya kazi ya fundi wa ramani.

Kwa kijana anayeniuliza ajenge maisha yake vipi humu, jibu langu ni kwamba ashike mambo mawili kwa uzito sawa. La kwanza ni kitu kimoja cha duniani anachokipenda kwa dhati: maji, magonjwa, misitu, usafiri, haki za ardhi, chochote, mradi akijue mpaka aweze kuiangalia ramani na kusema hapa haiwezekani. La pili ni jiodesia na takwimu, zile sehemu ambazo wanafunzi huzikimbia. Tofauti ya mfumo mmoja wa rejea, yaani msingi ambao mahali hupimwa kutokea, na mwingine inaweza kuihamisha nukta kwa mamia ya mita, kutoka kwenye kiwanja cha mtu hadi cha jirani yake, na atakayeliona hilo ni yule aliyesoma namna dunia inavyopimwa. Programu atajifunza njiani. QGIS, ambayo ni huria na haina gharama, ilianza mwaka 2002 ikiwa kazi ya mtu mmoja, na leo inafanya mambo ambayo wakati ule yalihitaji leseni za bei kubwa. Vyombo vitaendelea kubadilika hivyo, na aliyejenga jina lake juu ya kitufe atalazimika kulijenga upya kila kitufe kinapohama.

Na kwa anayeajiri: mpe mwombaji kazi faili lenye nukta elfu kumi ambamo mia kadhaa zimeangukia kwenye Ghuba ya Guinea, pale mstari wa Ikweta unapokatana na longitudo ya sifuri. Kila mwenye uzoefu anapajua mahali hapo. Ndipo zinapokwenda kumbukumbu zote zisizo na majiranukta, zile namba mbili zinazotaja mahali, kwa kuwa kompyuta imeandika sifuri mahali palipokuwa patupu. Yupo atakayezifuta haraka ili ramani iwe safi. Yupo atakayetaka kujua ni za kituo gani, cha mwezi gani, na kwa nini mahali hapo hapakuandikwa. Huyu wa pili muajiri hata kama programu yenu hajawahi kuifungua.

Ninachokidai kipo tayari, kwa mabaharia. Ndani ya chati ya kielektroniki ya bahari mna tabaka linaloigawa bahari kwa madaraja ya uaminifu: A1, A2, B, C, D, na U kwa sehemu ambayo ubora wake haujatathminiwa. Nahodha analiangalia daraja hilo kabla ya kuamua aukaribie mwamba kiasi gani. Chati za karatasi nazo zimekuwa na mchoro mdogo unaoonyesha kila sehemu ilipimwa mwaka gani na kwa njia gani. Ramani tunazozitumia nchi kavu kugawa viwanja, kupeleka dawa na kuchora majimbo ya uchaguzi, nyingi hazina kitu cha namna hiyo. Zina nembo ya kampuni pembeni na rangi zilezile safi kila mahali, palipopimwa jana na palipokisiwa miaka ishirini iliyopita. Nataka kila tabaka libebe daraja lake, tarehe ya kipimo chake, na jina la mtu mwenye cheo cha kulisimamia na mshahara unaofanana na cheo hicho. Tuanze na ramani za mafuriko, maana hizo watu huzitumia kuamua mahali pa kulaza watoto wao.